Chuma Kisichoshika Kutu

Gari lilipovutwa kidogo tu kutoka pale lilipokaa miaka yote, sakafu iliyokuwa chini yake ilibonyea, ikapasuka, na tairi la mbele likazama. Mnunuzi aliyekuja na winchi na tela alipiga magoti, akamulika ufa kwa tochi ya simu aone kama ekseli imevunjika. Alichokiona ni kiatu. Kiatu kilikuwa na mfupa wa mguu ndani yake.

Inspekta alipofika, gereji ilikwishazungushiwa utepe. Kilikuwa chumba kirefu cha matofali nyuma ya nyumba, chenye dirisha moja dogo na rafu zilizojaa makopo ya boliti. Katikati lilisimama gari la kizamani lisilo na injini wala viti, chuma kitupu, taa zimeng'olewa na kuacha matundu mawili yaliyotazama mlangoni. Hata yeye, ambaye hakuwa mtu wa kutishika ovyo, alijikuta akilipita kwa ubavuni.

Askari walifukua taratibu. Lilikuwa shimo la gereji, lile ambalo fundi husimama ndani yake akitengeneza gari kwa chini. Mtu alikuwa amelijaza mchanga na kulifunika kwa saruji nyembamba ya haraka haraka. Kilichobaki cha mtu aliyezikwa humo kilikuwa mifupa, viatu na ovaroli.

Mwenye nyumba alisimama mlangoni, futi ya kupimia nguo bado ikining'inia shingoni. Alikuwa fundi cherehani, na kazi aliiacha mezani sokoni alipopigiwa simu. Walipoinua ovaroli, aliinyooshea kidole.

"Huo mfuko wa pembeni niliuongeza mimi, wa kuwekea spana ndogo. Huo mshono ni wangu."

"Ovaroli ya nani, mama?"

"Ya mume wangu."

Akajikalia juu ya debe. Inspekta alisubiri kilio, lakini kilichotoka kwanza ni sauti ndogo, ya mtu anayejiambia mwenyewe.

"Kumbe hakuondoka."

Ndipo akaeleza. Miaka sita iliyopita, jioni moja, alipata ujumbe kutoka kwa simu ya mumewe: *Nimechoka. Usinitafute.* Simu ikazimwa, ikawa basi tena. Alipokwenda kutoa taarifa polisi, askari wa zamu alimcheka. Mtaani ikawa wimbo kwamba fundi cherehani kaachwa kwenye mataa. Miaka sita alilala akijiuliza alimkosea nini.

Sajenti alimvuta Inspekta pembeni. "Nyumba yake, gereji yake, ufunguo wake. Mimi naona kesi imekwisha."

"Wewe kesi zako huisha kabla ya chai," Inspekta alimjibu. "Mtu atangaze gari linauzwa, aite watu na winchi waje kumfunulia kaburi alilolichimba mwenyewe? Mwuaji angelikalia gari hili mpaka azeeke."

Mnunuzi alikohoa. Alikuwa mtu wa makamo, kazi yake kununua magari mabovu ya namna ile na kuyafufua.

"Afande, kuna jambo jingine linanisumbua. Magari ya hivi nimenunua mengi, na yote nilikuta yamekuwa mekundu kwa kutu. Chuma kilichosuguliwa kikabaki kitupu, bila rangi, hakimalizi msimu. Sasa gusa hapo."

Inspekta aligusa boneti. Kidole kilirudi kinang'aa. Yalikuwa mafuta, mepesi, safi, bila hata chembe ya vumbi. Kila sehemu ya bodi ile ilikuwa imefutwa kwa uangalifu, mpaka ndani ya mikunjo ya madigadi.

"Ndiyo maana naliuza," mke alisema kutoka pale kwenye debe. "Nikirudi mchana ghafla nasikia *kwaru, kwaru*, kama mtu anapiga msasa. Nikienda ndani kuchukua ufunguo nikafungua, hakuna mtu. Mlango wa gari uko wazi na harufu ya mafuta imejaa chumbani. Majirani wanasema ni yeye, kazi yake haikuisha ndiyo maana hatulii. Afande, nimefika mahali nalala na taa."

Sajenti alisogea nyuma kidogo, akijifanya anachunguza rafu.

"Rudi hapa," Inspekta alimwambia. "Marehemu haendi dukani kununua mafuta. Mama, funguo za gereji ziko ngapi?"

"Mbili. Wangu na wake."

Katika mifuko ya ovaroli walikuta spana ndogo, lakini ufunguo haukuwemo.

"Gari hili alikuwa akilitengeneza na nani?"

"Na shemeji yangu. Si ndugu yake wa damu, ni rafiki yake tangu utotoni. Fundi wa bodi, wanamwita Msasa. Baada ya mume wangu kupotea alikuja akanipa pole, tukalia wote."

Msasa alikutwa karakanani kwake, mtu mwembamba mwenye viganja vilivyolainika kama sabuni kwa kusugua. Aliletwa kituoni kwa mahojiano, akapewa glasi ya maji, akayamaliza.

"Unajua tumekuta nini?"

"Nimesikia. Inasikitisha."

"Mara ya mwisho kuingia gereji ile ni lini?"

"Tangu aondoke sijakanyaga. Ningekwenda kufanya nini?"

"Mlihangaika na gari lile muda gani?"

"Tangu ujana wetu. Tulilitoa jalalani, kuku wametaga ndani."

"Na ukaliacha tu?"

"Nililisahau, afande."

Inspekta alinyamaza. Mara nyingi kimya humfanyia kazi zaidi kuliko maswali. Msasa alitazama dirisha, akatazama viganja vyake, kisha akauliza swali lake la kwanza.

"Gari lenyewe mmeliweka wapi?"

Hakuuliza rafiki yake alikufaje.

"Litaletwa hapa. Ni kielelezo."

"Bandani?"

"Uani, nje."

Msasa aligeuka tena dirishani, akatazama anga. Inspekta alimruhusu aende zake, na alipotoka tu, aliagiza glasi ile ipelekwe maabara.

Siku iliyofuata majibu yalifika. Uchunguzi wa maiti ulionyesha fuvu limevunjwa kwa nyuma na kitu kizito butu. Na ndani ya mafuta yale mabichi ukiondoa za Inspekta na mnunuzi, kulikuwa na alama za vidole za mtu mmoja tu, kutoka boneti hadi buti. Zililingana na za kwenye glasi.

Inspekta angeweza kwenda kumkamata asubuhi ile ile. Lakini alama zilithibitisha nani aliyepaka mafuta, hazikusema nani aliyeua wala kwa nini. Aliuliza kama picha zote na sampuli zimekwishachukuliwa. Alipojibiwa ndiyo, akaamuru gari liachwe wazi katikati ya ua, na turubai awe nalo Sajenti.

Alasiri mawingu yalikusanyika. Msasa alitokea getini kabla ya tone la kwanza, kitambaa mkononi.

"Afande, mvua inakuja. Mtalifunika?"

"Karibu ndani."

Aliingia kama anayekimbia. Hakuomba ruhusa. Mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye boneti, ukaanza kufuta kwa miduara, ukashuka kwenye madigadi, ukaingia kwenye mikunjo ile ile bila yeye kutazama. Midomo yake ilichezacheza. Inspekta alisogea na kugundua kwamba mtu yule anaongea, na haongei nao.

"Kwa mtu aliyelisahau, unalijua vizuri," alisema.

Mkono ulisimama.

"Alama za vidole vyako ziko kwenye mafuta ya wiki hii. Ufunguo wa marehemu uko kwako. Unayo haki ya kunyamaza, na utakachosema kinaweza kutumika dhidi yako mahakamani. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

Matone yakaanza, makubwa, yakipiga chuma *ta, ta, ta*. Msasa alijaribu kuyafuta moja moja. Yalipozidi alifungua mikono akajilaza juu ya boneti, kama mtu anayemkinga mtoto.

"Lifunikeni! Nakuombeni, lifunikeni kwanza!"

"Sajenti, lifunike," Inspekta alisema. Alikuwa amepanga kumtesa kwa mvua ile mpaka aseme, lakini alipoyaona macho yale akataka liishe. Turubai lilitandazwa, kamba zikafungwa. Msasa aliketi chini kwenye matope, akiegemea gurudumu, na maneno yakamtoka bila kuvutwa.

"Aliniambia analiuza. Hivyo hivyo, milango haijakaa sawa, halina hata rangi ya kwanza. Nikamwambia tumalize kwanza, ndugu yangu, kisha uza. Akacheka. Akasema, mke wangu kaniambia nichague, yeye au hili bovu, na mimi nimeshachagua. Akageuka aanze kukusanya boliti. Nyundo ya bodi nilikuwa nayo mkononi."

"Na ujumbe kwenye simu?"

"Niliandika mimi."

"Ulimwacha mkewe aamini ameachwa."

Msasa alivuta ncha ya turubai, akafunika gurudumu.

"Ungekaa mbali na gereji ile tusingekupata kirahisi," Inspekta alisema. "Kwa nini ulikuwa unarudi?"

Alimtazama kama aliyeulizwa jambo la kipuuzi.

"Chuma kingeoza, afande. Kazi ya maisha yetu yote! Na yeye yuko pale chini, anasubiri. Kila nikienda nilikuwa namweleza tumefika wapi."

Sajenti alimfunga pingu.

Mke alifika kituoni mvua ikiwa imepamba moto. Inspekta alimsimulia yote, bila kupunguza. Alisikiliza ameinamisha kichwa, futi yake ameizungusha vidoleni.

"Nilimwambia achague kwa hasira tu," alisema. "Tulikuwa tumegombana asubuhi. Nilidhani jibu lake ni ule ujumbe." Akafuta uso. "Hebu niambie tena alivyosema."

"Alisema, mke wangu kaniambia nichague, na mimi nimeshachagua."

Aliitikia kwa kichwa polepole, akashukuru, akatoka. Hakuelekea getini. Alikwenda uani, akafungua kamba moja, kisha nyingine, akaliburuta turubai lote mpaka likaanguka matopeni. Sajenti aliinuka mbio. Inspekta alimshika mkono wa shati.

"Mwache."

Kutoka dirisha la mahabusu ilisikika sauti ikipasuka: "Shemeji! Funika! Shemeji, nakuomba, funika!"

Mke alisimama palepale mbele ya yale matundu ya taa, kanga imemganda mwilini, akiyatazama mafuta yakitiririka kutoka kwenye boneti na kuingia mtaroni. Alikaa hapo mpaka chuma kikabaki na maji matupu, ndipo akaenda nyumbani.