Karata za Baba Zilizoonekana Kasulu

Asubuhi hiyo ya Jumamosi nilikuwa uani napiga maharage kwa fimbo. Jua zuri, kuku wanadonoa pembeni, mama anapepeta huku anaimba nyimbo za kwaya. Ndugu zangu wa Kibondo, mngepita pale mngesema nyumba hii ina amani. Hata mimi nilisema hivyo, mpaka wingu likatokea upande wa Murungu.

Mama akaacha kuimba. Msimu uliopita, mwaka 1998, maharage yetu yalinyeshewa hapo hapo uani yakaota, kwa sababu baba, Evaristi, alikuwa "kazini".

"Pelagia, kamwite baba yako," akasema. "Mwambie yakinyeshewa tena mimi nabeba mtoto narudi kwetu. Sitanii."

Na kweli, nguo zake zilikuwa zimeshafungwa kwenye kitenge, ziko kitandani.

Baba alikuwa karani wa shirika linalogawa chakula kwenye kambi ya wakimbizi ya Nduta. Kompyuta ilipoletwa ofisini kwake hapa Kibondo tulifurahi sana. Lakini ndani yake kulikuwa na mchezo wa karata, na ule mchezo ukamteka. Kazi inaisha saa tisa, yeye anafika nyumbani tumeshalala, ugali umekuwa jiwe. Mama akiuliza, eti kazi nyingi.

Sasa nyie msioijua hiyo mashine, nisikilizeni. Fundi wa Kasulu, kaka Reverien, aliweka programu ya kuonea kioo cha kompyuta ya Kibondo akiwa kule kule kwake, ili kompyuta ikiharibika asipande gari kuja. Siku moja akila kwetu alitueleza: picha ya kwenye kioo ni vidoti vidogo vingi, kama mtama uliomwagwa mkekani. Programu inavichota, inaangalia vipi vimebadilika, inatuma vile vilivyobadilika tu, kwa waya wa simu. Baba hakuelewa. Alidhani ni kama picha za studio, bila mwanga haitoki. Kwa hiyo akitaka kucheza anafunga pazia, anajiona amewaweza.

Nikafika ofisini, nikasimama mlangoni. Mimi naona aibu kuongea, hata na baba akiwa ofisini. Mle ndani giza, kioo tu ndiyo kinawaka. Nikasogea nyuma yake, nikasema maneno ya mama kwa sauti ndogo. Hakugeuka.

"Mwambie nina taarifa ya mchele, Kasulu wanaisubiri."

Mara mshale kwenye kioo ukaanza kutembea wenyewe. Mikono ya baba ilikuwa magotini. Mshale ukashika saba ya kopa, ukaiweka juu ya nane ya shupaza. Halafu kikafunguka kidirisha, herufi zikaja moja moja, nikazisoma:

"Baba Pelagia, hiyo saba nimeiona tangu asubuhi. Na ukishinda, karata zinarukaruka kioo kizima, vidoti vyote vinabadilika, simu yetu inajaa. Wewe si uliomba ruhusa leo ukapige maharage? Shemeji anakusubiri."

Baba akalitazama pazia, akanitazama mimi.

"Kumbe ananiona," akasema, "na giza lote hili."

Akaanza kucheka, akacheka mpaka akafuta machozi. Akanishika mkono, tukakimbia.

Mama tulimkuta amesimama mlangoni, mtoto mgongoni, mzigo kichwani.

"Leo kazi imeisha mapema," akasema.

"Nilipewa ruhusa, mama Pelagia. Nilikuwa nacheza karata. Siku zote nilikuwa nacheza karata."

Mama akamwangalia, akamwangalia. Kisha akashusha mzigo, akamtupia gunia. "Basi shika hili, mcheza karata."

Tulipiga maharage kama ngoma. Jirani yetu Ndayikunda akaja na fimbo yake, akawa anamtania baba kwa Kiha mpaka mama akakaa chini kwa kucheka. Gunia la mwisho liliingia ndani matone yameshaanza. Jioni tukala yale maharage mapya, baba anatuigizia mshale kwa kidole kwenye sahani.

FUNZO

Ndugu zangu, mchezo si dhambi. Lakini mchezo unaokufanya uwadanganye watu wako, huo umeshakuwa bosi wako. Na ukifunga pazia, jiulize unamficha nani. Sisi wa nyumbani tulikuwa tunaona siku zote, bila programu yoyote.

Jumatatu nilimpitia baba nikitoka shule. Pazia lilikuwa wazi. Taarifa ya mchele ilikuwa imeshaondoka, akamwandikia Reverien kwenye kidirisha: "Saa tisa. Naenda nyumbani." Baba akachukua koti lake, hakungoja jibu.