Sauti Bila Kadi

Yotham alifika Litapunga jua likikaribia kuzama, vumbi jekundu la pikipiki limemjaa mpaka kwenye kope. Alikuwa fundi kompyuta wa Mpanda mjini na, tuseme ukweli, alikuwa na majivuno kidogo. Habari za wachawi na mizimu zilimchekesha. Kwake yeye, kisichofunguka kwa bisibisi hakipo.

Mama Séverine alimpokea kwenye mlango wa chumba cha kwaya. Macho yake yalikuwa yamevimba.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Pole na njia. Ingia upesi tuwahi mwanga."

Mwanawe, Dieudonne, alikuwa mwalimu wa kwaya. Mwaka ulikuwa umetimia tangu homa ya siku tatu imchukue, na kesho yake ilikuwa kuganduka, siku ya kumaliza msiba. Baada ya hapo ndugu wangemwacha marehemu apumzike. Nyimbo zake zote zilikuwa ndani ya kompyuta moja kuukuu, na kompyuta hiyo ilikuwa bubu tangu siku ya mazishi.

"Sitaki mengi, fundi," alisema mama. "Nimsikie mara moja tu kabla hatujamwachia. Nimeanza kuisahau sauti yake. Mama gani huyo anasahau sauti ya mtoto wake?"

Yotham akainamia kazi.

Aliiwasha mashine. Picha ikaja, sauti hakuna. Mfumo wa sauti wa ndani ulishaungua kwa radi miaka mingi iliyopita, ndiyo maana Dieudonne alichomeka kadi ya sauti ya ziada. Basi tatizo ni kadi, rahisi tu. Akazima, akachomoa waya wa umeme, akashika bati la boksi ili kutoa umeme wa mwilini, akafungua skrubu. Akaitoa kadi, akayasugua meno ya kadi yaliyopakwa dhahabu kwa ufutio wa penseli, akairudisha na kujaribu.

Kimya.

Akaihamishia sloti ya pili, tundu jingine la kadi, akaigandamiza mpaka ikakaa sawasawa. Kimya tena.

"Ngoja niwashe bila kadi kabisa," alisema. "Tuone kama mashine yenyewe ni nzima."

Kadi akaiweka mezani. Pini ya spika nayo ikabaki pale mezani, haijachomekwa popote.

Feni ikaanza kuzunguka. Ikapuliza harufu... Si ya vumbi la moto. Ilikuwa harufu ya udongo mbichi, udongo uliochimbwa siku hiyohiyo.

Tss... tss...

"Emelyne."

Ilikuwa sauti ya mwanamume, ya taratibu, ikitoka kwenye spika.

"Nipo," msichana akajibu humohumo.

"Isidori."

"Nipo."

Mama Séverine akaziba mdomo kwa kiganja. "Ni yeye," akanong'ona. "Anaita mahudhurio. Alikuwa harekodi mpaka awaite kwanza, kila mtu hadi mara tatu. Usipoitika, anakuandika hayupo."

Yotham aliitazama kadi. Akaitazama pini. 

"Mama... haiwezekani. Kadi iko nje."

"Mama," ikaita spika.

Mama Séverine akageuka. "Fundi, mimi sijawahi kuimba kwaya."

"Mama."

"Usiitike!" Yotham alinong'ona kwa ukali, yeye aliyekuwa akiwacheka waoga. Akaurukia waya wa umeme, akauchomoa kwa nguvu.

Taa ya mashine ikazima. Feni ikasimama.

"Mama..."

Safari hii ilikuwa sauti ya mtoto aliyepotea sokoni. Nani angemlaumu? Mama akaitika, akimwita 'mwanangu' kwa lugha ya kwao:

"Nipo, mwana wanje! Nipo!"

Spika ikaacha kuita.

Mama Séverine akafungua mdomo aseme jambo. Midomo ilicheza, koo likapanda na kushuka. Hakuna kilichotoka. Akajishika shingo, akamtazama Yotham.

Yotham akakimbia. Ni aibu kusema, lakini ndivyo ilivyokuwa: alimwacha mama wa watu amesimama gizani, akarukia pikipiki.

Asubuhi Claude, mwenyekiti wa kwaya, akampigia simu.

"Fundi, Mungu akubariki! Inasikika mpaka barabarani! Na ile kadi mbovu tumeikuta mezani, tukajua umeweka mpya."

"Sijaweka kitu, Claude."

"Acha utani wewe. Ila Mama Séverine sauti imemkauka, nadhani ni kulia. Njoo tule wote, nyie mafundi mnapenda kujificha."

Alikwenda. Hakufuata chakula. Alitaka kumrudishia yule mama sauti yake, na hakujua atumie bisibisi gani.

Watu walikuwa wamejaa uwanjani, kompyuta imewekwa juu ya meza yenye kitambaa cheupe. Claude akabonyeza.

"Emelyne." "Nipo." "Isidori." "Nipo."

"Mama."

"Nipo, mwana wanje! Nipo!"

Vigelegele vikalipuka. Watu walidhani ni rekodi ya zamani, wengine wakalia kwa furaha. Mama Séverine alikaa mstari wa mbele, midomo imefumbwa, machozi yanamtiririka. Akageuka polepole kumtafuta Yotham.

"Yotham."

Vigelegele vikakatika. Vichwa vyote vikamgeukia fundi.

"Itika basi, unaitwa," alisema Claude, akijaribu kucheka.

"Yotham."

Alibana meno mpaka yakauma. Akiitika, sauti yake itabaki mle ndani. Asipoitika, ataandikwa hayupo, pengine hata duniani. Alimtazama Mama Séverine, mtu pekee aliyejua. Mama alikuwa akimtikisia kichwa kwa nguvu, lakini hakuweza kumwambia kama anamkataza kuitika au anamkataza kunyamaza.

Spika zikakwaruza, tayari kumwita kwa mara ya tatu.