Fundi wa Friji Aandika Bei Zake

Fundi wa friji na mkewe walifanya kazi pamoja. Asubuhi mume alibeba mkoba wa vifaa na kwenda kwa wenye mabucha na maduka ya maziwa. Mke alibaki nyumbani na simu ya kazi. Karibu kila aliyepiga aliuliza bei. Mke hakuwa na jibu, kwa hiyo alisema, "Fundi akifika mtaelewana."

Siku moja alipiga mwenye duka la dawa. Friji yake ya dawa haikuwa ikipoza vizuri. Aliuliza bei mara tatu, akajibiwa vilevile mara tatu. Mwishowe akasema kwa upole kwamba atamtafuta fundi anayejua bei ya kazi yake. Mke alikaa na simu mkononi, uso umemshuka.

Jirani yao alikuwa akitengeneza tovuti za biashara ndogo, yaani kurasa ambazo watu huzisoma kwenye simu au kompyuta. Mke alimweleza yaliyompata. Jirani akasema ukurasa mmoja unawatosha: kazi wanazofanya, bei ya kila kazi, mitaa wanayofika na namba ya simu. Mbwembwe za picha zinazocheza hazihitajiki, maana wateja wengi wana bando dogo la intaneti.

Mume alikunja uso. "Nikianika bei, washindani wangu wataziona."

"Shemeji, washindani wako wanazijua tayari," jirani alisema. "Wasiozijua ni wateja."

Fundi akachukua kalamu na karatasi. Lakini kazi ngumu ilikuwa bado. Kusafisha friji ni bei gani? Kuongeza gesi je? Ilibidi akiri kwamba aliwahi kumtoza mwenye bucha mmoja zaidi kwa sababu tu alimwona na gari. Mkewe alimsogezea karatasi. Fundi akakohoa kidogo, akaandika bei moja kwa wote.

Jirani aliwashauri waeleze pia kisichomo katika bei. Vipuri vinalipiwa kando, na mteja anaambiwa bei yake kabla havijafungwa. Kama tatizo halijulikani, kuna ada ya ukaguzi, nayo inakatwa kwenye malipo ya matengenezo. Bei ikibadilika, tovuti ibadilishwe siku hiyohiyo.

Wiki ya pili baada ya ukurasa kuwekwa mtandaoni, fundi na mkewe wakinywa chai, simu iliita. Fundi akapokea. Alikuwa mwenye hoteli ndogo ya mtaa wa mbali. Alisema ameshasoma bei na ameridhika, anataka kujua tu kama Jumanne kuna nafasi. Fundi alizoea kuvutana na mteja nusu saa nzima. Akaifunika simu kwa kiganja, akamnong'oneza mkewe:

"Mama watoto, huyu amekubali kila kitu. Sasa nimwambie nini?"

"Mwambie utakuja," mkewe alisema, akammiminia chai nyingine.