Aliyemuua Mbwa wa Mzee Mbugua

Jumamosi saa moja asubuhi, pale Kiminini, mbwa wa Mzee Mbugua alikutwa amekufa kando ya mnyororo wake, ufizi mweupe kama unga. Kufikia saa mbili, vijana walikuwa wamempiga jirani, Wabwile, na kumburuta kituoni. Aliwahi kuapa kumtilia mbwa huyo sumu kwa kula kuku wake.

Rispah, daktari wa mifugo kutoka Kitale, alifika saa nne pamoja na Sajini Kigen. Kabla ya kumpasua mbwa, alimfunika macho kwa kitambaa. Tumboni alikuta kidonda kilichotoboka na damu nyeusi iliyoganda.

"Si nilisema? Sumu!" Mbugua akafoka.

"Kidonda kama hiki hakichimbwi usiku mmoja, mzee. Wabwile alikuwa wapi wiki hii?"

"Bungoma, wiki mbili, matanga ya dadake. Alirudi jana jioni."

Rispah akaonyesha kinyesi kikavu karibu na ukuta, cheusi kama lami. "Hii ni damu. Ya siku tano, sita hivi. Wabwile alikuwa bado Bungoma."

"Basi ni nani, daktari?" Kigen akauliza.

Rispah akamgeukia Mbugua. "Mbwa alikuwa anakula?"

"Tangu tumzike mke wangu Kabura mwezi jana, alikuwa analia tu," Mbugua akasema. "Nikamfunga, asiende kulala kaburini."

"Huzuni na woga hupita kwenye neva mpaka tumboni, mzee. Asidi inaanza kula ukuta wa tumbo. Lakini kuna kitu kilimalizia. Magoti yako yamevimba; dawa yake ulichukua kliniki lini?"

"Jumatatu."

"Na mbona leo huwezi hata kuinuka?"

Mbugua akatazama chini. "Alijiumiza mguu akivuta mnyororo. Nikampa dawa zangu, asubuhi na jioni. Mimi nikavumilia."

"Kwa mbwa, dawa hiyo ya maumivu ndiyo sumu," Rispah akasema kwa upole.

"Na vijana nani aliwatuma?" Kigen akauliza.

"Mimi. Sikuona kitu. Nilitaka tu awe yeye."

Saa nane Wabwile alitoka seli, jicho moja limevimba. Mbugua, aliyefika akiegemea fimbo, akavua kofia.

"Nisamehe, jirani."

"Wanangu waliniona nikiburutwa, mzee. Kaanze na wao."

"Nitawaambia nini?"

"Ati unaniuliza mimi?"

Wabwile akamshikia lango la kituo, akangoja apite kwanza.