Jezi Nambari Tatu

Ijumaa hiyo mji wa Eldoret ulifurika. Wengine walikuwa wametoka benki, wengine wamekuja kuulizia bei ya mahindi, na boda boda zilipenya katikati yao kana kwamba zina ruhusa ya kuingia hata madukani. Nanyama Wasike alikuwa amesimama mbele ya duka la viatu, mkononi maikrofoni yenye kofia ya buluu ya Redio Upepo, akitafuta mtu wa kumhoji kuhusu mechi ya kesho. Alivaa koti la manjano la mtumba lililomkaa vizuri kuliko alivyojua, suruali nyeusi, na raba nyeupe zisizofaa hata kidogo kwa mji wenye matope kama huu. Watu kadhaa walikuwa wamemkwepa wakijifanya wanapokea simu.

Ndipo akatokea jamaa mrefu, gunia la chakula cha kuku begani, shati lake limejaa vumbi la pumba.

"Samahani kaka, dakika moja tu. Kesho Pioneer Wanderers wanacheza. Unawaonaje?"

Jamaa akashusha gunia. Akafikiri kama mtu aliyeulizwa bei ya ng'ombe.

"Watashinda. Shida yao ni moja tu. Yule beki wa kushoto."

"Ana nini?"

"Mzito! Akigeuka, unaona ni kama lori la miwa linageuka. Kocha anamvumilia tu."

Nanyama alicheka mpaka maikrofoni ikatikisika. "Na unaitwa nani?"

"Weka tu shabiki mmoja," akasema jamaa, akabeba gunia lake, akapotelea upande wa soko.

Jioni ile redio ikatangaza kwamba shabiki mmoja amemlalamikia beki wa kushoto. Kesho yake Nanyama akaenda mtaa wa Pioneer, kwenye uwanja ulio nyuma ya shule, akasimama kando ya mstari. Timu zikaingia. Beki wa kushoto wa Wanderers, jezi nambari tatu, alikuwa yule yule wa gunia. Akampungia mkono bila haya.

Mechi ilipoisha Nanyama alimfuata moja kwa moja. "Wewe ni mwongo!"

"Uongo uko wapi? Si umeniona nikigeuka?"

"Nimekuona. Ni kweli, ni lori la miwa."

"Basi nilikupa habari ya ukweli, na hata asante hujasema. Naitwa Wahome."

Mambo yakaanza hivyo, kwa utani, na utani ukawazoesha. Wahome Mburu aliuza dawa na vyakula vya mifugo pamoja na mama yake, duka lao liko karibu na soko, ubao wa kijani mlangoni umeandikwa Mama Wahome Agrovet. Mchana alitoroka duka, Nanyama akatoroka studio, wakakutana kwenye hoteli ndogo ya chapati na chai ya maziwa. Siku ambazo hawakuonana, simu ya studio ililia.

"Redio Upepo, habari ya mchana?"

"Nzuri. Namtafuta mtangazaji mwenye koti la manjano."

"Ana kazi nyingi. Nimwambie ni nani?"

"Shabiki mmoja."

"Shabiki mmoja amekunywa chai, ama anajaza gunia tu?"

"Sijanywa. Bila wewe chai haina sukari."

"Ai, toka hapa! Hayo maneno umeyaokota wapi?" Lakini akikata simu alibaki akitabasamu peke yake.

Kulikuwa na jambo moja tu, dogo hivi, ambalo Nanyama hakumwambia. Kila Jumatatu alisoma ripoti ya mechi za mwisho wa wiki. Jumatatu moja, wakirekodi, Ayoo fundi wa mitambo akasimamisha kila kitu.

"Nanyama, hilo jina mbona unalisema hivyo?"

"Jina gani?"

"Umesema Ronnie katoa pasi, sawa. Kipa naye umemtaja, sawa. Halafu ukifika hapa, Wa-ho-me. Kama mtu anapuliza chai. Rudia."

Akarudia. Ikawa mbaya zaidi. Ayoo akacheka mpaka akafuta machozi. Nanyama, mashavu yakimchoma, akachukua kalamu akalifuta jina, akaandika *jezi nambari tatu*. Tangu siku hiyo hakulitaja tena hewani. Alijiambia kwamba mwandishi anayempenda mchezaji hafai kusikika akimpendelea, na hilo lilikuwa kweli. Kweli nyingine ni kwamba aliona haya. Utamwambiaje mwanamume anayetania kila kitu duniani kwamba jina lake limekushinda kutamka? Angekukumbusha mpaka uzeeni.

Msimu ukaendelea, Wanderers wakawa wanashinda. Jumamosi moja Wahome, ambaye katika miaka yake yote ya kucheza hakuwahi kufunga bao la maana, alipiga mpira kutoka mbali ukaingia. Bao hilo liliwapeleka kwenye mechi ya mwisho ya kupanda ligi. Jumatatu yake, wanawake wa soko waliacha vibanda vyao wakajaa dukani kwa Mama Wahome, redio iko juu ya magunia, sauti imefunguliwa mpaka mwisho.

"Dakika ya themanini," ikasema sauti ya Nanyama, "jezi nambari tatu akaachilia kombora, na Wanderers wakaenda mbele!"

Halafu ikaja habari ya voliboli.

"Sasa nambari tatu ni nani?" akauliza Linah muuza nyanya. Hakuuliza kwa ubaya, lakini Mama Wahome aliizima redio, akarudi kwenye mizani.

Saa ya chai Wahome hakuagiza chapati. Alikuwa amevaa shati la kitambaa lililopigwa pasi, kama mtu aliyekuja kwa jambo zito.

"Nanyama, nikuulize kitu. Ronnie unamtaja. Kipa unamtaja. Hata refa unamtaja. Mimi ni nambari?"

"Ni mambo ya kazi, Wahome."

"Kazi gani? Hapa umelisema bila shida."

"Hapa si redioni."

"Ndiyo hiyo sasa. Hapa hakuna anayesikia." Akasogeza kikombe kando. "Unanionea aibu? Juu ya kuuza chakula cha kuku?"

"Wewe! Usiseme hivyo."

"Ama ni jina lenyewe? Ukisema Wahome, mzee wako huko Moi's Bridge atauliza huyo ni wa kabila gani?"

Nanyama alinyamaza, na kunyamaza huko ndiko kulikoharibu. Baba yake, Mzee Wasike, hakukosa kipindi chake hata kimoja, na ni kweli mara moja, mara moja tu, alikuwa amejiuliza mzee angesema nini. Hakuwahi kuliandika wala kulifuta jina kwa sababu hiyo. Lakini aliwahi kuwaza, na mtu mwaminifu akishikwa mahali alipowaza hujibu kwa kuchelewa.

"Nimeelewa," akasema Wahome. Akalipa chai zote mbili, akatoka.

Simu ya studio ikaacha kumtafuta mwenye koti la manjano. Kila ilipolia Nanyama aliruka, ikawa ni mtu anataka kutumiwa salamu. Alimpigia Wahome, simu ikalia mpaka ikakata. Alimwandikia, *Naomba tuongee*, akaona alama mbili za buluu, basi. Usiku hakulala vizuri, na mchana alisoma matokeo ya mechi kama anasoma bei ya mbolea. Alimpenda yule mtu. Alilijua hilo sasa bila utani wowote, na liliuma.

Alhamisi akajikaza, akaenda dukani. Wahome hakuwepo, amepeleka mzigo. Nyuma ya kaunta alikuwa mama mnene wa makamo, kilemba cha maua kichwani, anapima pumba.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Nikusaidie na nini?"

Nanyama akababaika. "Chakula cha kuku. Kilo moja."

"Cha vifaranga ama cha kutaga?"

"Cha... vyote."

Mama akamtazama vizuri. "Hiyo sauti naijua. Wewe si ndiye wa redio?"

"Ndiye, Mama."

Mama Wahome akaweka kijiko chini. Hakuinua sauti. "Nikuambie kitu, msichana wangu. Hapa sokoni hakuna anayejua jina langu la kuzaliwa. Kanisani ni Mama Wahome, kwa chama cha akina mama ni Mama Wahome, hata huo ubao unaona. Jina la huyo kijana ndilo langu. Ukiliruka, umeturuka sisi wawili." Akafunga karatasi ya chakula cha kuku. "Jumatatu nilikuwa nimewaita watu waje kulisikia."

"Pole, Mama," akasema Nanyama. Akatoka na kilo moja ya chakula cha kuku, naye hafugi hata njiwa.

Mechi ya mwisho ilikuwa Jumamosi alasiri, na safari hii Redio Upepo iliamua kuitangaza moja kwa moja. Wingu la mvua lilikuwa limeshuka, uwanja umelowa, watu wamepanda hadi juu ya ukuta wa shule. Nanyama alisimama kando ya mstari na koti lake la manjano, kipaza sauti mdomoni, sauti ya Ayoo masikioni. Wanderers walitakiwa kushinda, sare haikuwafaa. Wahome alimpita karibu kabisa akienda kurusha mpira, hakugeuka.

Kipindi cha kwanza kikaisha bao moja kwa moja. Nanyama alikuwa amemtaja kila mtu. Mpira ulipofika kushoto alisema "Wanderers wanapanga mashambulizi," akajichukia.

Dakika za mwisho kabisa Ronnie akaangushwa ndani ya eneo la hatari. Penalti! Uwanja ukalipuka. Ronnie akawa anachechemea, hawezi. Wachezaji wakatazamana, wakitupiana macho kama watu walioitwa kuomba mbele ya kanisa. Mmoja akauchukua mpira, akauweka chini, akaufuta matope kwa jezi yake. Jezi nambari tatu.

Nanyama alifungua mdomo. Akaliwaza lile duka lenye ubao wa kijani na redio juu ya magunia. Akawawaza wale watu walioitwa na Mama Wahome. Hakujua kama wamekuja tena.

"Na anayepiga," akasema, "ni Wahome."

Ikatoka vile vile, kama mtu anapuliza chai. Lakini ilikuwa imetoka, na ikawa kama maji yaliyofunguliwa kwa mfereji.

"Wahome Mburu, beki wa kushoto, mtoto wa Mama Wahome wa pale sokoni. Ndiye aliyefunga lile bao lililotuleta hapa, kama hukusikia jina lake kosa ni langu. Wahome anarudi nyuma. Wahome anakwenda... anapiga..."

Mpira ukapaa. Ukapita juu ya goli, ukapita watu, ukazama kwenye ua wa michongoma.

"Amekosa. Wahome amekosa." Kisha, mji mzima ukisikiliza, sauti yote ikalegea. "Aki pole, Wahome."

Masikioni Ayoo alikohoa kidogo. "Leo usirudie," akasema. "Acha hivyo hivyo."

Filimbi ya mwisho ikalia, bao moja kwa moja, hakuna kupanda ligi. Watu wakatawanyika wakilaumu refa, mvua na serikali. Nanyama alikuwa anakunja waya zake alipoona viatu vya mpira vyenye matope vimesimama mbele yake. Wahome alikuwa na simu mkononi.

"Mama amenipigia," akasema. "Analia."

"Kwa sababu ya penalti?"

"Nilidhani hivyo. Nikamwambia, Mama pole, nimekosa penalti. Akaniuliza, penalti gani?"

Nanyama akacheka na kulia kwa wakati mmoja, akajipangusa na mkono wa koti. "Wahome, mimi siwezi kusema jina lako."

"Umelisema leo mara ngapi sijui."

"Siwezi kulisema kama majina mengine. Ayoo alinicheka. Sauti inalegea, kila mtu anajua. Niliona aibu, lakini si aibu ya wewe. Ni aibu ya vile ninavyokupenda. Na ulipotaja Baba nilinyamaza kwa sababu niliwahi kuwaza. Nisamehe."

Kwa ule uso wake wa kupima bei ya ng'ombe, Wahome akasema, "Kwa hivyo hii miezi yote, shida ilikuwa unanipenda sana?"

"Usianze."

"Nimeanza. Nitaendelea mpaka uzeeni."

Simu ya Nanyama ikalia. Kwenye kioo, *Baba*. Akaipokea. Nyuma ya sauti ya mzee kisiagi cha mahindi kilikuwa kinanguruma.

"Nanyama, nimekusikia hapa tukisubiri unga. Huyo Wahome ni nani?"

"Ni mchezaji, Baba."

"Wachezaji wamejaa huko uwanjani na wote umewataja. Huyu mmoja umemtaja vingine. Ni nani?"

Nanyama alimtazama Wahome, matope mpaka masikioni. "Ni wangu, Baba."

"Sema tena, hapa kuna kelele!"

"Wahome ni wangu!" akapaza sauti, na watu waliokuwa wanaondoka wakageuka.

Kisiagi kikaendelea kusaga. "Mwambie aje nyumbani," akasema Mzee Wasike mwishowe. "Na asije peke yake, aje na mama yake. Hiyo penalti tutaizungumza tukishakula."

Nanyama alipomweleza, Wahome aliketi kwenye nyasi pale pale. Aje na mama yake. Hakuna aliyehitaji kufafanuliwa maana ya maneno hayo. Nanyama akaketi kando yake, raba zake nyeupe zikazama matopeni, wala hakuzitazama. Akachukua maikrofoni yenye kofia ya buluu, iliyozimwa, akamwekea mdomoni.

"Samahani kaka, dakika moja tu. Unaitwa nani?"

"Weka jina lote," akasema Wahome.