Jibu Alilolileta Héritière

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Héritière alichukua bidoni yake ya njano akaenda kuteka maji. Njia za mtaa wao wa Ndosho zimejaa mawe meusi ya volkano, na asiyeangalia anapokanyaga hurudi nyumbani na kidole kinachotoka damu. Akirudi alimkuta mama yake, Kahambu, ameshaketi kwenye cherehani akishona sare za wanafunzi. Baba yake, Papa Kasereka, alikuwa seremala, na saa hizo alikuwa tayari katika atelye yake kando ya barabara, akipiga randa mbao za vitanda.

Nyumba yao haikuwa na waya wa umeme. Juu ya bati palikuwa na paneli ya jua, na chini ya meza palikuwa na batri. Batri hiyo iliwasha taa mbili na kuchaji simu. Taa moja ilikuwa ya Mama, kwa kuwa sare nyingi alizimaliza jua likiwa limekwisha kuzama.

Siku moja Papa Kasereka alirudi nyumbani akitabasamu. Alikuwa amelipwa kwa milango aliyoitengenezea shule moja ya Munigi.

"Mwaka huu tutanunua televisheni," alisema. "Lakini si pesa nyingi. Lazima tuchague vizuri."

Héritière aliruka kwa furaha, na mdogo wake Gradi akaruka naye. Kwa muda mrefu walikuwa wakienda kutazama kwa Bénita, aliyesoma na Héritière mwaka wa sita. Kwao Bénita televisheni ilifunika nusu ya ukuta. Watoto wa jirani waliketi sakafuni, na kaka yake Bénita aliwafukuza kila alipochoka nao. Mara ya mwisho alipofukuzwa, Héritière alikuwa amegeuka mlangoni akasema mbele ya wote, "Sisi tutanunua kubwa kuliko hii! Mutaona!"

Maneno hayo hayakumtoka kichwani.

"Tumuulize fundi kwanza," alisema Mama. "Kuna Apolline, yule msichana aliyefungua karakana karibu na kituo cha moto, zile pikipiki za abiria. Alinitengenezea simu, na mpaka leo inafanya kazi."

Papa alikunja uso. "Msichana anajua nini mambo ya umeme?"

"Muulize tu, Papa Héritière. Kuuliza hakuumizi."

Papa akakubali, lakini hakwenda mwenyewe. Kesho yake alimtuma Héritière.

Karakana ya Apolline ilikuwa chumba kidogo cha mbao, kimejaa redio na nyaya. Apolline alikuwa kijana, amefunga kitambaa kichwani, na mkononi ameshika chuma cha kuunganishia nyaya. Héritière alimpenda tangu siku ya kwanza alipomwona, maana hakuwahi kumwona mwanamke akifanya kazi hiyo.

"Bonjour, Ya Apolline," alisema, akimwita dada mkubwa kwa heshima. "Papa anauliza tununue televisheni ya namna gani. Tuna paneli moja na batri moja."

Apolline aliweka kazi yake chini. "Mwambie Papa anunue ile ndogo inayotumia umeme wa batri moja kwa moja. Zile kubwa zilizotumika zinauzwa bei nafuu, lakini zinahitaji mashine ya kugeuza umeme, na zinakula sana. Batri yenu haitaweza. Ikifa, Mama yako atashona kwa mwanga gani? Umesikia vizuri?"

"Nimesikia, Ya Apolline."

Alisikia kila neno. Lakini njiani alianza kuwaza jinsi Bénita atakavyocheka akiona televisheni yenye ukubwa wa sinia. Alipofika atelye, Papa aliinua kichwa kutoka kwenye mbao.

"Haya, amesema nini?"

"Amesema... amesema hata kubwa itafaa. Iliyotumika. Tuongeze tu mashine ya kugeuza umeme."

"Kwa batri yetu hii?"

"Ndiyo, Papa. Amesema itaweza."

Jumamosi walikwenda dukani pamoja. Televisheni kubwa ilisimama katikati ya duka, nyeusi, inang'aa. Muuzaji aliuliza, "Papa, nyumbani munatumia umeme gani?"

"Batri. Lakini fundi ametushauri tayari," alijibu Papa, akamtazama binti yake. "Si ndivyo?"

Hapo ndipo Héritière angeweza kusema. Aliangalia viatu vyake. "Ndivyo, Papa."

Jioni hiyo majirani walijaa nyumbani. Bénita pia alikuja, akakaa sakafuni kama wengine. Picha ilitokea, kubwa na yenye rangi nzuri, na watoto wakapiga makofi. Kabla ya filamu kufika katikati, picha ilizimika, na taa zote mbili zikazimika pamoja nayo. Majirani waliondoka wakipapasa njia. Papa alijaribu tena kesho yake, na siku iliyofuata. Mwishowe batri ikakataa kabisa kushika umeme, hata kwa taa moja.

Sasa Mama alishona mchana tu, cherehani ikiwa mlangoni. Wazazi walikuja kuuliza sare za watoto wao, naye akawajibu kwa sauti ya chini, "Mnisamehe, bado." Mmoja alikasirika akachukua kitambaa chake akaondoka. Héritière aliona yote hayo.

Papa hakungoja zaidi. Alimshika Héritière mkono wakaenda kwa Apolline. Wateja watatu walikuwa wamesimama pale.

"Wewe!" alisema Papa kwa sauti kubwa. "Umeharibu batri yangu! Ulisema televisheni kubwa itafaa. Nilijua tangu mwanzo kwamba hii si kazi ya wasichana!"

Apolline alisimama polepole. "Papa Kasereka, mimi sikusema hivyo. Nilimwambia mutoto..."

"Unataka kusema mutoto wangu ni mwongo?"

Apolline alimtazama Héritière. Héritière alitamani ardhi ipasuke immeze. Alijua neno moja lingetosha, na hakulisema.

Apolline aliona midomo ya yule mtoto ikitetemeka. Akashusha macho.

"Nisamehe, Papa," alisema. "Labda sikueleza vizuri."

Mzee mmoja miongoni mwa wateja alinyoosha mkono, akachukua redio yake mezani. "Nitatafuta fundi mwingine," alisema, akaenda zake.

Tangu siku hiyo Héritière hakuweza kupita mbele ya karakana. Alizunguka njia ndefu na bidoni yake, akipita nyuma ya kanisa. Lakini habari zilimfuata hata huko. Kwenye bomba aliwasikia wanawake wakisema, "Usimpelekee kitu yule msichana. Anaua batri za watu." Mwingine akaongeza, "Wanasema hata kodi ya chumba itamshinda." Héritière alijaza bidoni yake nusu tu, akakimbia.

Alimkuta Mama mlangoni, akijaribu kupitisha uzi kwenye sindano kabla jua halijazama. Bidoni ilimtoka mkononi.

"Mama, Ya Apolline hana kosa. Alisema tununue ndogo. Ni mimi niliyegeuza maneno."

Mama hakupiga kelele. Aliweka sindano chini, akamtazama, na mtazamo ule ulimuuma Héritière kuliko fimbo.

"Kwa nini, mwanangu?"

"Nilijivuna kwa Bénita. Niliona haya kuwa na televisheni ndogo."

"Na sasa unaona haya ya nini?"

Héritière alilia.

"Papa yako yuko atelye," alisema Mama. "Nenda umwambie kwa mdomo wako mwenyewe. Mimi sitakusemea."

Njia ya kwenda atelye haikuwa imewahi kuwa ndefu namna ile. Héritière alisimama kwenye vumbi la mbao, akasema yote bila kuficha. Papa Kasereka aliacha randa. Alikaa juu ya kitanda ambacho hakijakamilika, akafunika uso kwa mikono. Héritière alingoja apigwe. Lakini Papa aliponyanyua kichwa, alionekana kama mtu aliyepigwa yeye.

"Nilimtukana mbele ya watu," alisema. "Haya, tutakwenda huko huko kwake."

Karakana ilikuwa kimya. Apolline alikuwa akipanga vyombo vyake katika sanduku. Papa aliwaita madereva wa moto waliokuwa pale kituoni, na akina mama waliouza ndizi kando ya njia.

"Njooni musikie," alisema. "Nilisema huyu fundi ameharibu batri yangu. Si kweli. Héritière, sema."

Sauti ya Héritière ilikuwa ndogo, lakini wote waliisikia. "Ya Apolline alituambia ukweli. Mimi nilimdanganya Papa. Tena ulipolaumiwa hapa, Ya Apolline, nilinyamaza ukabeba kosa langu. Nisamehe."

Watu waliguna. Lakini Héritière hakuangalia viatu vyake.

"Nami unisamehe, binti," alisema Papa, akavua kofia. "Uongo wa mutoto wangu niliupokea haraka kwa sababu nilikuwa nimekudharau kabla sijakusikiliza. Ningekuja mwenyewe kuuliza, haya yasingetokea."

Apolline alifuta macho kwa mgongo wa mkono. "Nimewasamehe, Papa. Siku ile niliona anaogopa. Nilifikiri, mutoto huyu atasema siku moja. Lakini sitaficha, nilikuwa nimeanza kukata tamaa." Kisha akafungua sanduku tena, akarudisha vyombo mezani, kimoja kimoja.

Muuzaji alikubali kuipokea tena televisheni kubwa, ingawa hakurudisha pesa zote. Papa alinunua batri mpya kwanza, ili Mama apate taa yake. Kilichobaki hakikutosha hata televisheni ndogo. Walingoja miezi kadhaa, na Papa alipomaliza vitanda vingine walikwenda dukani, safari hii pamoja na Apolline. Wakati wote huo Bénita aliuliza, "Iko wapi ile televisheni yenu?" na kila mara Héritière alimjibu ukweli, ingawa uso ulimwaka.

Jioni Apolline alipoiunganisha ile ndogo, picha ilikaa bila kuzimika, na Mama akaendelea kushona chini ya taa. Papa alimwita Héritière akae karibu naye.

"Mwanangu," alisema, "kuwa na kitu kidogo si aibu. Aibu ni kumwacha mwenzako alipe kosa lako nawe unanyamaza. Pesa za batri nimezitafuta, nimezipata. Lakini yule mzee wa redio bado hajarudi kwa Apolline. Jina la mutu ukilichafua, hujui ni lini litasafika."

"Anakaa wapi huyo mzee, Papa?"

"Upande wa mtaa wa Mapendo, nadhani."

Asubuhi iliyofuata, kabla ya kwenda shule, Héritière alikwenda kumtafuta amwambie ukweli.