Sampuli ya Kumi na Nne

Kila asubuhi ya likizo ya mwezi wa sita, Febronia aliamka kabla ya binamu yake Merina, akafagia uwanja, akachota maji na kuinjika chai. Baada ya chai alifuatana na shangazi yake kwa miguu hadi kituo cha mbegu, nje kidogo ya mji wa Ifakara. Shangazi Konsolata alikuwa karani wa ghala la mbegu. Kazi yake ilikuwa kuziandikisha katika kompyuta mbegu zote mpya zilizoletwa kutoka vijijini, ili kila moja ipewe namba yake na kuwekwa katika chumba cha baridi, ambamo ingeweza kukaa miaka mingi bila kufa.

Mwaka huo ulikuwa wa 1998. Mvua zilizoanza mwishoni mwa mwaka uliotangulia zilikuwa zimelijaza bonde lote la Kilombero, na wakulima wengi walikuwa wamekula hata mpunga waliouweka kwa ajili ya kupanda. Kwa hiyo kituo kilituma watu vijijini kukusanya mbegu za asili kabla hazijapotea kabisa. Mifuko ilikuwa imefika kutoka Namawala na Michenga. Siku ya Ijumaa ikafika mifuko ya Masagati.

Febronia alikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu, naye alizaliwa Masagati. Alikuwa ameletwa kwa shangazi yake asome, na ulikuwa umepita mwaka mmoja na miezi minne tangu alipomwona mama yake kwa mara ya mwisho. Kwenda kwao ilikuwa kupanda treni hadi Mlimba, kisha kungoja lori, na tangu mvua zile hapakuwa na lori. Alikuwa akijaribu kukumbuka uso wa mama yake kila alipokwenda kulala. Kilichomtia hofu ni kwamba siku nyingine sauti ilikuja bila uso.

"Leo umeshinda," Merina alimwambia Ijumaa ile, alipopita kituoni kumletea mama yake chakula. "Hata mpunga wa kwenu umepanda gari kuja mjini. Nadhani na nyani wenu wako njiani."

"Nyani wetu hawana haraka," Febronia akajibu. "Wanajua mji umejaa watu kama wewe."

Walicheka wote wawili, na Merina akaenda zake.

Kazi ya Febronia ilikuwa kufungua mifuko na kuanika mbegu kivulini, kila sampuli katika sinia lake. Alikuwa amefundishwa kanuni moja kubwa kuliko zote: kila mfuko una karatasi mbili, moja imefungwa nje na nyingine imo ndani, na karatasi haitengani na mbegu yake hata kwa dakika moja.

Alipofungua mfuko wa kumi na nne, harufu ilimjia kabla hajaona chochote. Ulikuwa moshi wa kuni, ule unaoingia katika mpunga uliotundikwa juu ya meko msimu mzima. Alitia mkono ndani, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa imeandikwa kwa penseli, kwa herufi kubwa zilizopanda upande wa kulia kana kwamba zinakwea kilima. Alisoma mistari miwili ya kwanza, jina la mbegu na la mtoaji: MKIA WA NGEDERE. MIMI PAULINA BEATUS WA MASAGATI.

Paulina Beatus alikuwa mama yake.

Febronia alikaa chini kwenye sakafu. Mama yake hakujua kusoma wala kuandika. Barua zote zilizomfikia Ifakara ziliandikwa na katekista, kwa mwandiko mzuri wa katekista na kwa maneno ya katekista. Sasa hii hapa ilikuwa kazi ya mkono wa mama mwenyewe. Herufi R ilikuwa imefutwa ikaandikwa tena, na penseli ilikuwa imekandamizwa hata karatasi ikakaribia kutoboka. Kumbe mama amekuwa akienda kisomo cha watu wazima, naye hakumwambia.

Alitazama mfuko. Karatasi ya nje ilikuwepo, imefungwa kwa uzi. Basi moja inatosha, alijiambia. Hakuigeuza kuisoma. Aliikunja ile ya mama, akaitia katika daftari lake, akalifunga.

Jumatatu asubuhi walianza kuandikisha. Shangazi aliketi mbele ya kompyuta, naye Febronia alisimama kando akimsomea karatasi za nje: jina la mbegu, kijiji, jina la mtoaji, na jambo lolote alilosema mkulima. Kompyuta ilikuwa na nafasi ya kila kitu, na haikukubali kwenda mbele kama nafasi ya mtoaji iko wazi. Sampuli kumi na tatu zilipita vizuri.

"Ya kumi na nne," shangazi akasema, vidole vikiwa tayari.

Febronia aliigeuza karatasi ya nje. Wino ulikuwa umelowa maji ukachuruzika wote, ukabaki kama wingu la bluu.

"Haisomeki, shangazi."

"Nisomee ya ndani."

Febronia aliuinamia mfuko. "Haimo," akasema.

Hilo lilikuwa neno dogo, lakini baada ya kulisema hakuweza tena kumtazama shangazi yake machoni.

Shangazi alimwita Anselim, kijana aliyezileta mbegu zile. Alikuja akipangusa mafuta mikononi. "Mama Merina, pale mtoni maji yaliingia garini mpaka kwenye viti," alieleza. "Mifuko ya chini ililowa kwa nje. Lakini karatasi za ndani nilizitia mwenyewe, zote kumi na nne, na zote za penseli, ambayo haichuruziki."

"Hii haina."

"Watoaji walikuwa wengi, wa huu simkumbuki. Basi kwa nini tuumize kichwa? Andika jina la yule wa kumi na tatu. Ni kijiji kimoja, ni mpunga huo huo. Kompyuta itakubali."

"Kompyuta itakubali," Shangazi Konsolata akasema polepole. "Mimi ndiye sikubali. Nikiandika uongo humu ndani leo, mtu atakayeusoma baada ya miaka thelathini atauita ukweli. Hatakuwa na njia ya kujua."

Mkuu wa ghala, Mzee Gaudensi, aliposikia sauti alitoka ofisini kwake. Aliitazama karatasi ya bluu, akamtazama Anselim. Hakuwa mtu wa kupandisha sauti, na hilo ndilo lililowafanya watu wamwogope.

"Kanuni unaijua, Anselim. Mbegu isiyojulikana ilikotoka haiingii chumba cha baridi. Nangoja mpaka kesho saa sita mchana. Karatasi isipopatikana, sampuli hii itatupwa, na safari ya kurudi vijijini mwezi wa tisa atakwenda mtu mwingine makini zaidi."

"Mzee, nilizitia zote."

"Basi moja imeota miguu," Mzee Gaudensi akasema, akarudi ofisini.

Anselim alibaki amesimama. Febronia aliinamia sinia na kuzipanga upya punje ambazo hazikuhitaji kupangwa.

Jioni ile, Merina alipokuwa akichambua mboga nje, Febronia alikaa peke yake chumbani akafungua daftari. Alijisemea hoja zake moja baada ya nyingine. Kituo kina mbegu mamia. Yeye ana karatasi moja tu. Akiirudisha itafungiwa pamoja na mpunga katika chumba cha baridi, na yeye atarudi kungoja barua za katekista. Tena, akiirudisha, wote watajua.

Aliikunjua aitazame, na kwa mara ya kwanza akaisoma hadi mwisho. Siku ile ya Ijumaa furaha haikumruhusu kupita jina la mama, na tangu hapo aliogopa kulifungua daftari Merina asimwone.

MPUNGA HUU ULIKAA CHINI YA MAJI SIKU KUMI NA MBILI HAUKUOZA. MINGINE YOTE ILIOZA. NILIBAKI NA KIKAPU KIMOJA. NUSU NIMEPANDA NUSU NAWAPA NINYI. UKIPOTEA KWANGU UWE KWENU.

Alirudia mstari wa mwisho mara nyingi. Alikijua kikapu kile. Alijua pia nusu yake ni kiasi gani mbele ya nyumba yenye watu sita katika mwaka wa njaa, na jinsi wadogo zake wanavyoitazama sufuria wakiwa na njaa. Mama yake aliutoa mpunga ule wakati ambapo angeweza kuupika. Akaketi na penseli, yeye ambaye hajazoea penseli, akaeleza kwa nini. Na maneno hayo yalikuwa yamelala katika daftari la hesabu la mtoto wake, na mpunga wenyewe ungetupwa kesho saa sita.

"Umenuna nini?" Merina aliuliza alipoingia na bakuli. "Anselim ndiye mwenye kesi, si wewe."

Febronia alilifunga daftari. Chakula cha jioni kilimshinda.

Asubuhi walipokuwa njiani, kati ya mashamba yaliyokwisha kuvunwa, alisimama.

"Shangazi, karatasi ninayo mimi."

Shangazi Konsolata aligeuka. Febronia alimpa daftari, naye akalifungua palepale barabarani, akasoma, akasoma tena. Baiskeli mbili zilipita zimebeba magunia na waendeshaji wakawasalimu, lakini shangazi aliitikia bila kuinua macho.

"Huu ni mkono wa wifi yangu?" akauliza mwishowe.

"Ndiyo, shangazi. Amejifunza."

"Na ndiyo maana uliichukua."

"Nilitaka kuwa na kitu alichokishika. Nilidhani ya nje inasomeka."

"Ijumaa ulidhani. Jumatatu ulijua." Shangazi alimrudishia daftari. "Sitakusemea. Utamwambia Mzee mwenyewe, na Anselim awepo."

Njia iliyobaki shangazi alitembea taratibu ili waende sambamba.

Ofisini Febronia alisema, "Shikamoo mzee, shikamoo kaka Anselim," kisha akaeleza yote bila kuacha hata lile neno la Jumatatu. Aliposema limetoka kinywani mwake kwa uongo, alimgeukia Anselim. "Kaka, ulilaumiwa kwa kosa langu na mimi nikanyamaza. Naomba unisamehe."

Anselim alijikuna shingo. "Mimi usiku kucha nimehesabu karatasi kumi na nne, naziona kabisa. Nikaanza kujiuliza kama nimerogwa." Akatabasamu kidogo. "Nimekusamehe. Ila siku nyingine uniibie kitu kingine, kama deni langu la duka."

Mzee Gaudensi hakucheka. Aliisoma karatasi, akavua miwani, akaifuta, akaivaa na kusoma tena.

"Siku kumi na mbili chini ya maji," akasema. "Bonde hili lote tumelizunguka tukitafuta mpunga wa namna hii." Alimtazama Anselim. "Nilikukosea. Safari ya mwezi wa tisa ni yako." Kisha akamtazama Febronia. "Unataka kuniuliza kitu. Uliza."

"Baada ya kuandikishwa, mzee, naweza kurudishiwa?"

"Hapana," Mzee Gaudensi akajibu, si kwa ukali. "Karatasi hukaa na mbegu. Kanuni iliyokuwepo kwa Anselim jana ndiyo iliyopo kwako leo."

Febronia aliitikia kwa kichwa. Machozi yalikuja, lakini hakuyaficha.

Walirudi kwenye kompyuta. Safari hii Shangazi Konsolata aliondoka kitini. "Keti. Nitakusomea mimi," akasema. Febronia alizitafuta herufi moja moja. Jina la mbegu. Kijiji. Alipofika nafasi ya mtoaji, aliandika PAULINA BEATUS, na kompyuta, ambayo haikukubali kupita jana, ikapita. Katika nafasi ya maelezo waliyaandika maneno ya mama yote, bila kupunguza hata moja. Saa tano na nusu Anselim aliubeba mfuko wa kumi na nne akauingiza katika chumba cha baridi.

Wakati wa kurudi nyumbani, shangazi alizungumza kwa kirefu.

"Kumtamani mama yako si kosa, mwanangu. Mimi mwenyewe wangu alikufa nikiwa mtu mzima, na bado namtamani. Lakini sikiliza. Paulina hakujifunza kuandika akiwa na umri wa miaka arobaini ili afichwe katika daftari. Alitaka neno lake lifike kwa watu asiowajua, liwasaidie. Wewe ulimpenda, na kwa mapenzi hayo hayo ukamnyamazisha. Kisha neno moja la uongo likamwangukia mtu asiye na kosa. Mtu mwaminifu naye hutamani vitu visivyo vyake, kama sisi wote. Tofauti ni kwamba anajua kipi cha kuacha mahali pake, na akikosea hurudi na kusema, hata miguu ikimtetemeka. Leo umesema. Uendelee hivyo."

"Nitaendelea, shangazi."

"Na mbona mama yako, mwenye karatasi, hujamwambia? Anselim anakwenda tena Masagati mwezi wa tisa. Mkabidhi barua."

Jioni ile Febronia aliketi mlangoni na karatasi safi. Barua zake za zamani zilikuwa fupi, maana alijua zitasomwa kwa sauti na mtu mwingine, mbele ya majirani. Hii aliiandika kwa herufi kubwa, zenye nafasi pana kati yake, ili mtu anayeanza kusoma aweze kuipitia peke yake, taratibu, kidole kikiongoza.

MAMA SHIKAMOO, aliandika. MPUNGA WAKO UKO SALAMA. KWANZA NINA KOSA LA KUKUAMBIA. HALAFU NITAKUAMBIA JINSI NINAVYOKUKUMBUKA.